Nilimwambia Yaya Niko Mobeni

Hapana, ngoja, usinikate. Wewe unasema ningemwambia tu dada yangu mkubwa. Maneno mawili, yaya nasafiri, basi, yote yangeisha. Kila mtu ananiambia hivyo, kanisani, saloni, hata mama anayeuza mboga ya fumbwa chini ya ghorofa letu. Na wote wanasema wakiwa wamekaa kwenye kiti kisichotikisika. Ngoja kwanza nikueleze ilikuwa vipi, halafu utanihukumu.

Mimi natengeneza inverter, zile mashine za kugeuza umeme wa betri uwashe nyumba. Hakuna shule ilinifundisha. Umeme ulipokuwa unakatika kila siku hapa Durban, watu walinunua inverter kama mkate, na zilipokufa walizitupa. Mimi niliziokota, nikazifungua, nikatazama video kwenye simu yenye kioo kimepasuka, nikaunguza vidole, nikajua. Patron wangu, yaani bosi, Mkongomani mwenzangu, alinikuta kwenye ngazi za ghorofa Glenwood nachomelea waya kwa chuma cha moto cha kuazima. Hakuniuliza cheti. Alinipa meza, taa, na ufunguo wa karakana yake kule Mobeni, bondeni kwenye viwanda. Hapa mjini kuna watu wakiniona napita wanaanua nguo zao kwenye kamba. Sasa mtu anayekupa ufunguo, huyo unamfia. Ukimsema vibaya patron wangu mbele yangu tutapigana, hata leo.

Sasa patron alipata client Cape Town, watu wa ghala la samaki. Inverter zao kubwa nne zilikuwa zinazima zenyewe, na mafundi wawili walishindwa. Mimi nikiweza, kazi ya matengenezo ya mwaka mzima ni yetu. Patron alinikatia tiketi ya ndege. Mimi, ambaye kutoka Uvira hadi Durban nilikuja kwa malori, mapikipiki na miguu.

Lakini alikuwa na sharti. Zamani alikuwa na mwenzake wa biashara, wakaachana kwa palabre, ugomvi mbaya, na huyo mwenzake alimnyang'anya client mara mbili. Kila mara ilianza hivyohivyo: patron anataja safari yake mbele za watu, akifika huko anakuta jamaa alishafika jana kwa gari. Na mke wa huyo jamaa alikuwa anasukwa nywele saloni gani? Saloni ya yaya yangu. Yaya si mmbeya, weka hiyo kichwani. Lakini mtu amekushika kichwa saa sita mfululizo, mtaongea nini kama si habari za nyumbani?

"Hata yaya yako," patron aliniambia. "Akikuuliza, wewe uko Mobeni. Niapie."

Nikaapa. Na usishangae, kwetu si kitu kigeni. Sisi watu wa Kivu hatutangazi safari. Unasikia tu mtu amefika Australia, ndipo unajua aliondoka. Yaya mwenyewe ndiye alinifundisha. Siku tulipokimbia Uvira aliacha sufuria ya maharagwe inachemka jikoni na mlango wazi nusu, majirani waone moshi wadhani tupo.

Lakini kuna kitu kimoja juu ya yaya lazima ukijue sasa hivi, la sivyo hautaelewa nilichoogopa. Yaya hangoji mtu. Papa, baba yetu, aliaga asubuhi akasema anaenda garage, kazini. Hakurudi. Yaya alikuwa na miaka kumi na sita, akataka kutoka kumtafuta, watu wazima wakamwambia tulia, ngoja. Akangoja siku tatu. Siku ya nne walipoenda walimkuta amekufa, na wanasema kama wangeenda siku ya pili wangemkuta bado anapumua. Tangu hapo, mtu wake akichelewa, yaya anavaa viatu anatoka. Mwaka juzi nilichelewa dakika arobaini, nilikuwa nanyolewa, nikakuta ameshapita hospitali na polisi. Ukimwambia uko mahali, halafu mahali pale pakawa na hatari, atafika. Hata kwa mguu atafika.

Ilikuwa Jumatatu, siku saloni inafungwa, kwa hiyo alikuwa nyumbani. Mvua ilikuwa imeanza Jumapili, mvua ya baridi yenye upepo, si kawaida yetu hapa wakati wa winter. Redio ilisema ni dhoruba moja ndefu, kichwa kiko Cape, mkia umefika Durban. Yaya alinitazama miguu akauliza kwa nini nimevaa viatu vya kanisa. Nikamwambia leo kuna client mkubwa. Hapo sikudanganya. Akaniambia kama maji yakianza kupanda Mobeni nisijifanye shujaa wa mashine za watu, nitoke. Nikasema sawa.

Airport walinipekua kama mwizi. Bisibisi zangu ndefu zilibaki. Kipimo cha umeme walikizungusha, wakakipitisha tena, wakamwita mkubwa wao. Nilikuwa nishaanza kupandisha hasira, lakini nikakumbuka kazi ya patron, nikameza. Nikaingia ndege nikiwa na jasho mgongoni na hiyo baridi yote.

Nilikaa dirishani, karibu na bawa. Kando yangu mama mmoja wa Westville, mtaa wa wenye pesa, suti nzuri, kompyuta tayari kwenye magoti. Akaniambia kwa Kiingereza anaruka kila wiki, akaniuliza kama ni mara yangu ya kwanza. Nikasema hapana. Sijui kwa nini. Siku ile uongo ulikuwa unatoka wenyewe kama kikohozi.

Mlango ulikuwa bado wazi simu ilipolia. Yaya.

"Petit, mdogo wangu, uko wapi?"

Mvua ilikuwa inapiga bati la ndege, na ile sauti, kwa bahati mbaya yangu, ilifanana kabisa na mvua kwenye paa la karakana.

"Niko Mobeni, yaya. Hausikii mvua?"

"Jirani anasema kule mfereji umejaa."

"Jirani anaogopa hata umande," nikamwambia, na nikacheka. Nilicheka vizuri kabisa, cheko la mtu asiye na shida. "Niko sharp, mzima kabisa. Kunywa chai yako."

"Maji yakiingia, utanipigia?"

"Nitakupigia."

Mfanyakazi wa ndege akapita akasema tuzime simu. Nikazima. Mlango ukafungwa, na ule mlio wa mlango ndio ulinizindua. Nikahesabu: saa mbili na zaidi hewani, simu imezimwa, yaya anajua niko chini, karibu na mfereji uliojaa. Nilitaka kusimama. Nilishika mkanda, nikaufungua, nikaufunga tena. Ningewaambia nini? Simamisheni ndege, nimedanganya dada yangu? Nikakaa. Na niliapa, kumbuka.

Tukaruka. Sasa nikuambie kitu kuhusu kazi yangu: mimi mashine naisikiliza. Inverter inayotaka kufa najua kwa masikio kabla sijaifungua, feni inabadilisha sauti, transfoma inaguna. Kwa hiyo ndani ya ndege nilifanya kosa kubwa, nikaanza kusikiliza. Kitu kikalia chini ya miguu yangu, grrr, kikanyamaza, nikasema mota imekwama. Injini zikapunguza sauti, nikasema moja imezima. Bawa lilikuwa linapinda juu chini kama ubao wa kitanda cha bei rahisi, na nilihesabu misumari yake. Kila mlio niliupa ugonjwa. Mtu asiyejua chochote angeogopa mara moja. Mimi niliogopa mara mia, na kila mara nilikuwa na maelezo.

Saa ya kwanza ilikuwa hivyo, mitikisiko midogo. Mama wa Westville aliandika barua zake kama yuko ofisini. Nikawa namtazama yeye. Nikajiambia, huyu akiandika, tuko wazima.

Halafu Cape ikatukamata. Hakuna namna nyingine ya kusema. Nje kulikuwa kijivu, halafu kijivu cheusi, na ndege ikaanguka. Si kushuka, kuanguka, kama mtu aliyekosa ngazi. Chai ya mtu mbele iligonga dari. Mtoto mmoja nyuma alilia, halafu akanyamaza ghafla, na kule kunyamaza kulikuwa kubaya kuliko kulia. Tukaanguka tena. Mama wa Westville akafunga kompyuta. Akaiweka kwenye mfuko wa kiti, taratibu, kisha akashika mkono wa koti langu bila kunitazama. Hapo ndipo niliogopa kweli. Kabla ya hapo nilikuwa nacheza.

Nilitaka kuomba, nikaona aibu. Kila mtu wa kanisa letu akisafiri, mama wa maombi wanamwekea mikono kichwani. Mimi hakuna aliyeniwekea, kwa sababu hakuna aliyejua. Nikafikiri hivi: tukifa hapa, kuna mtu mmoja tu duniani anajua niko ndani ya hii kitu, patron, na yeye leo yuko Joburg. Yaya atakuwa ananitafuta Mobeni. Atatafuta wiki, mwezi. Atapindua kila bati. Woga wa kufa ulikuwepo, sitakudanganya. Lakini juu yake kulikuwa na woga mwingine, kwamba mtu anaweza kufa mahali kumbe anatafutwa pengine.

Tukashuka. Niliona paa za mabati, barabara, magari yamewasha taa mchana. Magurudumu yalikuwa yameshatoka, niliyasikia. Ardhi ikawa karibu, labda kama ghorofa tatu. Ndege ilikuwa inaenda upande, kama kaa. Halafu injini zikapiga kelele zote pamoja na pua ikainuka, ardhi ikapotea. Mama wa Westville akasema neno la Kiingereza ambalo silisemi hapa. Rubani akaongea, sauti ya mtu aliyechoka, akasema upepo umekataa, tutajaribu tena. Tukajaribu tena. Ikakataa tena, na safari hii tulikuwa karibu zaidi, niliona majani ya kando ya njia yamelala yote upande mmoja. Mwanaume mmoja mkubwa, mwenye ndevu, alikuwa anasema basi, basi, basi, kama anabembeleza ng'ombe.

Rubani akasema tunageuka, tunaenda Gqeberha, ule mji watu bado wanauita PE, kuweka mafuta na kungoja.

Tulipogusa ardhi pale watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimeshawasha simu.

Zikaingia sauti tano alizorekodi yaya, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ananiuliza kama nimekula. Ya pili anasema mvua imezidi, nimpigie. Ya tatu amekasirika, ananiita kichwa ngumu, anasema simu yangu haipatikani. Ya nne anaongea polepole. Ameona video mtu ametuma, barabara ya Mobeni, magari yanaelea. Ya tano hii hapa, bado ninayo:

"Petit, simu yako imezimwa. Mimi natoka. Kama umepanda juu ya kitu, kaa hapohapo juu. Nakuja kukuchukua."

Ilikuwa imetumwa dakika thelathini kabla.

Sasa sikiliza nilichofanya, kwa sababu hiki ndicho kinanichoma, si lile cheko. Sikumpigia yaya. Nilimpigia patron. Nilikuwa nimeapa, unaelewa? Nilitaka aniruhusu kusema. Simu ikalia haikushikwa. Nikapiga tena, na tena. Nikamwandikia, grand, kaka mkubwa, naomba nimwambie yaya. Nikangoja zile alama mbili za bluu. Dakika kumi, labda kumi na mbili, mtu mzima nimekaa nangoja ruhusa ya kumwambia dada yangu kwamba niko hai. Kichwa changu chote kilikuwa kwenye neno nililompa mtu. Nikiwa nangoja, yeye alikuwa kwenye taxi, simu yake bado inafanya kazi. Nilipoacha ujinga na kumpigia, ilikuwa imezima.

Nikampigia mlinzi wa geti la Mobeni, mzee Mrundi, anatupenda wote pale. Alishika mara ya pili. Nilisikia maji nyuma yake, kelele kama ya mto.

"Niko juu, hapa wanaposhushia mizigo," akasema. "Maji yamenifika tumboni, nikapanda. Wewe uko salama, mwanangu?"

"Mzee, yaya wangu amekuja huko?"

"Sijamwona."

"Akija, mshike. Mwambie siko hapo. Mwambie sikuja leo kabisa."

"Na uko wapi?"

Nikafungua mdomo. Na bado, hata hapo, kiapo kilinizuia. Mfanyakazi wa ndege akanisimamia, anasema tunaondoka, upepo umepungua Cape, zima. Nilimwambia nashuka. Akasema haiwezekani, mlango umefungwa. Nikainua sauti. Nilisema mambo, nilitukana kwa lugha tatu. Mama wa Westville akanivuta koti akaniuliza kuna nini, nikamweleza kwa Kiingereza kibovu, dada, maji, uongo. Hakusema litakuwa sawa. Alisema tu, kaa, ukitolewa na polisi hautaweza kumpigia popote. Hiyo ilikuwa akili. Nikakaa.

Ile safari ya pili hewani ndege ilitikisika vilevile. Watu waliinama, waliomba. Mimi sikuisikia hata kidogo. Masikio yangu yote yalikuwa Mobeni. Ningefurahi ndege ianguke kama ingeangukia pale getini.

Tukatua Cape kwa kishindo, upande mmoja kwanza. Kabla haijasimama nilikuwa nampigia mzee. Alipokea nikiwa nimeshaingia kwenye jengo la airport. Nikasikia anampa mtu simu.

"Mzee anasema leo haukufika kazini," yaya akasema. Meno yalikuwa yanagongana. "Nikamwambia mzee ni mwongo. Wewe mwenyewe uliniambia."

"Yaya."

"Nimeingia karakana. Nimekutafuta chini ya meza zote."

Nyuma yangu spika ya airport ikatangaza kwamba mzigo wa ndege ya Durban umefika Cape Town. Kwa sauti, wazi, jina la mji kwa jina la mji. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Uko Cape," akasema.

"Ndiyo."

Akarudisha simu kwa mzee. Mzee ndiye alinieleza mengine. Yaya alishuka kwenye robot, zile taa za barabarani, taxi ilipokataa kuendelea, akatembea ndani ya maji hadi kifuani. Mzee alishuka kwenye maji, akamshika mkono pale geti akamwambia kijana hayuko, naye yaya akamng'ata. Kweli, alimng'ata mzee wa watu. Akaingia karakana, giza, maji ya kahawia, mafuta juu, na alikuwa anainama anapapasa chini ya meza kwa mikono, moja baada ya nyingine, ananitafuta. Alikuwa anatafuta maiti yangu. Bati likamchana mguu kutoka goti hadi kifundo, hakusikia. Mzee alimtoa kwa kumkumbatia kiunoni kama gunia na kumpandisha juu.

Mimi nilienda kwa watu wa samaki, viatu vya kanisa vimelowa, nikatengeneza inverter zao nne. Unashangaa? Mikono ilifanya yenyewe. Kosa lilikuwa moja, waya wa ardhi ulioliwa na chumvi, mafundi wawili hawakuuangalia. Kazi ya mwaka tukapewa. Patron alilia kwenye simu aliposikia habari za yaya, kweli alilia, na hospitali ya yaya alisimamia yeye. Sina neno juu yake.

Nilirudi Jumatano, mbingu safi, ndege imetulia kama kitanda. Yaya alikuwa amekaa, mguu una nyuzi juu ya kiti. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Aliniuliza kitu kimoja.

"Ile saa nilikupigia, ulikuwa umeshakaa ndani ya ndege?"

"Ndiyo, yaya."

"Na ukacheka."

Akachukua chai yake akanywa.

Mwezi uliofuata watu wa samaki wakaniita tena. Nilimwambia patron mbele ya mafundi wote, safari hii yaya anajua au mimi siendi, nitafutie mwingine. Akasema sawa. Nikaenda nyumbani mbiombio, nikamwambia yaya siku, saa, nambari ya ndege, kiti, kila kitu. Akasema, "Sawa, petit." Nikafurahi.

Siku ya safari nilikuwa nimeshakaa, nimefunga mkanda, mzee wa geti akanipigia. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeogopa kunikosea, kama niko kweli kwenye ndege. Yaya alikuwa amesimama pale getini mbele yake, na ule mguu, amekuja kuangalia kama siko ndani ya karakana. Mzee alimwambia siko. Akaomba afunguliwe aone mwenyewe, chini ya meza.

Anafanya hivyo hadi leo. Nikisema Mobeni, anampigia mzee. Nikisema kanisa, anampigia pasta. Namtumia picha, anasema picha inaweza kuwa ya jana. Simkasirikii, mimi ambaye nakasirika hata na mvua.

Na wewe, huyo wako aliyekuaga leo asubuhi kwamba anaenda kazini, unajuaje?